Meno Yaliyoibuka Mchangani

Meno yalitoka mchangani yakitabasamu, mbele ya wageni wa heshima, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikuwa nimefanya kitu.

Wiki iliyotangulia, mwalimu wa michezo, tuliyemwita Swala kwa jinsi alivyojisifia miruko ya ujana wake, alitokea bila meno yake ya bandia. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba yameibwa kwenye glasi, na mwizi anajulikana. Nani angenitetea, mimi niliyewahi kumvisha mbuzi tai ya shule? Hukumu ikatoka: meno yapatikane kabla ya siku ya wazazi, la sivyo nibebe godoro langu nirudi kwa mama.

Siku ikafika. Godoro nilishalikunja. Mwalimu wa fizikia akaniomba angalau niendeshe onyesho letu la tetemeko: beseni la mchanga uliochotwa kwenye shimo la kurukia, ukaloweshwa, juu yake matofali yaliyochorwa madirisha, yaani bweni jipya linalojengwa bondeni, chini yake mota ya cherehani.

"Mabibi na mabwana," nilisema kwa sauti ya msibani, "punje hizi zimeegemeana. Zikitikiswa zinaachana, maji yanazibeba, na ardhi inakuwa uji. Kizito kinazama. Chepesi kilichofukiwa kinaibuka."

Nikawasha. Bweni likaanza kuzama kwa adabu. Kisha pembeni mchanga ukavimba, yakachomoza meno, na ufizi wake.

"We mtoto," mama aliita kutoka safu ya mbele, "ya nani tena hayo?"

Swala alishajifunika mdomo kwa kofia.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akamuuliza taratibu, "si ulisema yalikuwa kwenye glasi?"

"Nilikuwa nawaonyesha watoto kuruka," kofia ikajibu. "Nikatua kwa uso. Ningechimbaje wakiniangalia? Niliporudi sikuyaona."

Mota tu ndiyo iliyothubutu kuendelea.

"Wewe," mwalimu mkuu akanigeukia, "kalikunjue hilo godoro."

Nikayasuuza meno, nikayakabidhi kwa mikono miwili. "Shikamoo, mwalimu."

Akageuka ukutani, akayavaa. "Marahaba," akasema, na silabi zote zilikuwepo.

Watu wakatoka wakicheka. Bweni jipya lilikuwa limebakiza madirisha ya juu tu. Hakuna aliyeliulizia.

Mwaka uliofuata tulihamishiwa bweni lenyewe, kule bondeni. Nilichagua kitanda cha juu.