Mabrouk Anaendelea Vizuri

"Wallahi mwanangu, nikikudanganya hata neno moja nisiamke kesho," alisema Mzee Azzan, mkono kifuani, na hapo hapo uongo ukaanza kumtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Ilikuwa huko Vuga, ghorofani, kwa Bi Wanu, mshauri nasaha, ambaye watu humwendea na mizigo ya mioyo. Kwake kila mtu hulipa kwa kadiri ya kipato chake. Mwenye nacho hulipa kamili, mwenye kidogo hulipa kidogo, na asiye na kitu hutoa chochote cha kuonyesha nia. Hakuna hati inayotakiwa wala barua ya sheha. Mtu husema mwenyewe na huaminiwa.

Huaminiwa! Azzan alipolisikia hilo aliwashwa mwili mzima. Miaka yote aliyotoa mizigo ya watu bandarini hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa, hata papai la Darajani. Angeanzia wapi uzeeni, hata kama ana pensheni, na kodi za maduka mawili anayopangisha?

Basi akajigeuza Mabrouk, mvuvi wa Makunduchi. Alikuwa na ngarawa, akasema, mpaka alipomnasa nguru mrefu kuliko mlango wa msikiti. Nguru akaikokota ngarawa toka asubuhi mpaka adhuhuri, akaibwaga mwambani, ikawa kuni. "Nguru mwenyewe akageuka akanitazama, mwanangu. Nakwambia alicheka!"

Bi Wanu aliandika pole pole. "Pole sana, mzee wangu. Na sasa kinachokusumbua nini?"

"Situlii," alijibu Azzan. Hilo peke yake lilikuwa kweli.

Toka alipofariki mkewe Rawiya, kabla kidogo ya Ramadhani, nyumba ya Kiponda ilikuwa ikimfukuza. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anatoka. Atashika njia ya Mkunazini, azunguke Malindi, arudi, afungue mlango, asimame ukumbini na ufunguo mkononi, kisha atoke tena. Kahawa anainywa wima. Wenzake barazani humwuliza, "Azzan, miguu yako umeikodisha?" Naye hucheka akiwa keshafika kona. Siku binti yake Nada alipokuja kutoka Kiembe Samaki akamkuta anasugua njumu za shaba za mlango huku wali unapoa mezani, alimwambia, "Baba, chagua. Uende kwa Bi Wanu, au nihamie hapa na watoto wote watano." Azzan akachagua haraka.

Lakini Mabrouk hakufiwa na mke. Mabrouk alivunjikiwa na ngarawa. Kwa hiyo Bi Wanu, kila wiki, akamshughulikia kwa msiba wa ngarawa. Alimtaka aieleze rangi yake, naye akaipaka papo hapo, kijani na mstari mwekundu. Alimtuma akakae ufukweni aiage. Azzan akaenda kweli, akakaa juu ya ukuta wa Forodhani, akasema, "Haya, kwaheri ngarawa." Mtalii mmoja akampiga picha. Hakumaliza hata kukunja miguu, keshainuka anakwenda zake Shangani bila ya kujua anafuata nini.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Sasa alikuwa akila ngazini, tonge moja chini, tonge moja juu. Kanzu zikaanza kumpwaya. Nada akaanza kuulizia bei ya gari la kuhamishia vyombo.

Mwezi wa saba ulipokaribia katikati, Bi Wanu akafunga kalamu yake akatabasamu. "Wiki ijayo hatuonani, mzee wangu. Nnakwenda nyumbani, Mwaka Kogwa."

"Nyumbani wapi?"

"Alaa! Makunduchi. Mimi mtu wa huko huko."

Azzan akageuza macho mlangoni. Bi Wanu akaendelea, hana hili wala lile. "Nawe mwaka huu utapigana? Upande wako upi, wa kusini au wa kaskazini?"

Siku hiyo wanaume wa Makunduchi huingia uwanjani wakachapana kwa magomba ya migomba, upande kwa upande, wakitoleana yote yaliyowakaa rohoni, ili mwaka mpya wa jadi uingie watu wakiwa weupe wa moyo. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anaujua upande wake. Azzan alikuwa hajawahi kuvuka hata Jozani, njiani kwenda huko, ila kwa harusi.

"Mimi..." alisema. "Mimi huwa mwamuzi."

Bi Wanu alicheka mpaka mtandio ukamteleza. Kisha akaurudisha kichwani. "Mzee wangu, miezi miwili sasa mimi namtibu mtu asiyekuwepo. Mabrouk anaendelea vizuri, ngarawa keshaisahau. Wewe je?"

Azzan keshafika mlangoni. Lakini akitoka, atakwenda wapi? Kiponda. Na akifika Kiponda, atakwenda wapi? Akabaki ameushika mlango, kisha akauachia.

"Naitwa Azzan. Mke wangu alikuwa Rawiya. Kila baada ya alasiri nikikaa mbele yake nikimhadithia, naye anasuka ukili wa mkeka. Nikizidisha, hainui hata kichwa. Ataniambia, 'Jana huyo samaki alikuwa mdogo.' Sasa nnakaa pale pale, nafungua mdomo, hakuna wa kuniambia muongo."

Bi Wanu alimtazama. "Muongo wewe," akasema taratibu.

Azzan akacheka, na cheko likamgeukia njiani, akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Akarudi kitini. Akazungumza juu ya Rawiya mpaka adhana ya adhuhuri ikawakatiza, na ndipo alipogundua kwamba muda wote huo hajainuka.

"Wiki ya pili, nikirudi, tuendelee," alisema Bi Wanu. "Lakini kwa bei ya Azzan. Wako wanawake wa Kiwengwa wanaotoka kwenye kilimo cha mwani wakaja hapa. Wanakaa kiti hichi kwa sababu wenye nacho wanalipa kamili."

"Haki yao," alisema Azzan, akatoa noti, akazilaza mezani kwa uchungu mkubwa.

"Na za nyuma?"

"Za nyuma kaja Mabrouk!"

"Mabrouk hana kitu, kavunjikiwa na ngarawa. Nani atamsimamia?"

Azzan alitazama dari, akatazama dirisha, akatafuta uongo wa kufaa asiupate. Akapeleka mkono mfuko wa ndani wa kanzu, akamlipia maskini wa watu mpaka senti ya mwisho.