Kidoti Hajatembea

Kila asubuhi, kabla hajatandika turubai lake la kushonea viatu, fundi alimbeba bintiye Kidoti begani na kupita naye mbele ya kibaraza cha mshonaji nguo. Alipita polepole, ili ionekane vizuri kwamba amembeba.

"Fundi, huyo ataota mizizi hapo begani," mshonaji alisema bila kutoa mguu kwenye cherehani. "Wenzake wanakimbiza kuku."

"Mvivu huyu. Kamrithi shangazi yake."

"Shangazi gani? Wewe huna dada."

"Basi ndiyo uone alivyo mvivu. Hata kuzaliwa alikataa."

Mshonaji akacheka, lakini jicho lake lilibaki kwenye miguu ya mtoto. Alikuwa rafiki wa marehemu mke wa fundi, na mpaka leo alizungumza kwa simu na mama wa marehemu, aliyeishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Lililoonekana kibarazani, mama mkwe alilisikia.

Fundi akakata kona, akapita nyuma ya ghala la saruji, akaingia soko la zamani. Wachuuzi walikwishahamishwa, zilibaki meza tupu za zege na njia pana zisizo na mtu. Hapo, baada ya kutazama kushoto na kulia, ndipo alipomshusha.

Kidoti akasimama, akapepesuka, akaondoka. Alitembea kama mlevi aliyekumbuka ghafla kwamba ana kwake. Akaanguka, akakaa akijishangaa, akainuka, akaendelea. Baba alimfuata ameinama, mikono wazi, na furaha ikamchoma kama mwiba wa samaki. Kila hatua ya mwanawe ilikuwa inampeleka mbali naye.

Maana ndivyo walivyokubaliana. Siku ya maziko, Kidoti akiwa bado mchanga, mama mkwe alisema mbele ya ukoo mzima: "Mgongo wangu hauwezi tena kubeba mtoto. Akitembea, nakuja kumchukua nimlee, kama nilivyomlea mama yake." Wote wakamtazama fundi. Siku ile hakuwa mtu, alikuwa nguo tupu iliyosimamishwa. Akasema ndiyo.

Angeweza kulikana neno lile baadaye. Lakini alikuwa na kiburi cha mtu asiye na kitu kingine: akikuahidi kiatu Ijumaa, Ijumaa unakivaa. Basi neno hakulivunja. Alilizuia tu lisitimie.

Wakati wa kurudi ulipofika, Kidoti alijikaza akawa mti mkavu. "Chini," alilia mpaka kamasi zikamwingia mdomoni. "Chini, chini." Neno hilo alilijua vizuri kuliko "baba".

Wiki ile ile mama mkwe akaja bila kuitwa. Mshonaji alikuwa amemwambia mtoto ana walakini miguuni. Alifika na chupa ya mafuta ya kuchulia, macho mekundu, akaketi mkekani katika chumba chao kimoja na kumpakata mjukuu wake.

"Kwa nini hukuniambia, baba? Kilema si aibu. Ningekuja tukahangaika naye hospitali pamoja."

Angekuwa mwanamke mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Huyu alikuwa mama aliyemzika mtoto wake wa pekee, na sasa anachua miguu mizima akiilia kama mibovu.

"Ni kuchelewa tu, mama."

"Mama yake hakuchelewa."

Akamvua mtoto kiatu ili amchue unyayo. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kisigino.

Siku moja kabla ya hapo, fundi alikuwa ameona kisigino cha kiatu kile kimelika upande. Mikono yake, ambayo haijapata kuacha kiatu kibovu kipite, ilikata kipande cha mpira, ikakibandika, ikakipiga msasa mpaka kikakaa kama kimezaliwa hapo. Hakufikiri. Kazi ilijifanya yenyewe.

"Kisigino hiki umekitia wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Cha kwanza kiliisha kwa kukanyaga nini? Bega lako?"

Bibi akafuta mafuta mikononi, kidole baada ya kidole.

"Nimelia njia nzima," akasema kwa sauti ndogo. "Mtu nisiyemjua kanipa leso yake kwenye basi. Nimemwomba Mungu achukue miguu yangu, ampe huyu."

"Niachie, mama. Sina mwingine."

"Na mimi ninaye nani?"

Huko nje cherehani ya mshonaji ilikuwa imenyamaza.

"Ungeniomba mapema, pengine moyo ungelegea," bibi akasema. "Sasa nitakuaminije? Umemnyima mtoto ardhi."

Asubuhi iliyofuata wakatoka wote watatu kwenda kituoni. Nguo za mtoto fundi alizikunja mwenyewe. Mlangoni akamshusha Kidoti chini, barabarani, mbele ya watu. Kidoti hakusogea. Akageuka, akamng'ang'ania baba yake suruali, akanyoosha mkono mmoja juu. Mtaa huu ni wa kubebwa, ndivyo alivyofundishwa.

"Mimi siwezi kumbeba," bibi akasema. "Mwambie atembee."

Hapo palikuwa na upenyo. Angemnyanyua tu, akasema unaona, mama, bado. Na bibi alimtazama kana kwamba analingojea hilo hilo.

Fundi akapiga magoti. Akavitoa vidole vya mwanawe kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Nenda, mwanangu. Leo ruhusa."

Bibi alikuwa ametangulia kidogo, ameinama kwa shida, mikono mbele. Kidoti akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kibarazani kwa mshonaji, kama alivyomwona baba yake akifanya siku zote. Kisha akaenda.

Alitembea vizuri sana. Hakuanguka hata mara moja.