Chuma Kisicho na Mwenyewe

Nyanchoka alikaa kwenye benchi la hospitali, chini ya picha yake mwenyewe. Pichani alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameinua mikono yote miwili, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa: AMEPONA. Sasa alikuwa na kumi na minane, na mkono wa kushoto haukupanda tena kupita bega.

Alizaliwa na kifua kilichobonyea katikati, mbavu zimeingia ndani zikaubana moyo. Akipanda mlima wa Nyaramba na kikapu cha majani chai, alihema kama ajuza. Kisha wakaja madaktari wa ng'ambo, wakapiga kambi hapa Kisii, wakampitishia chuma chini ya mbavu, kifua kikainuka. Kitolewe baada ya miaka mitatu, walisema. Wakapanda ndege wakaenda zao.

Sabato iliyofuata mama yake, Esnah, alisimama kanisani akashuhudia kwamba binti yake amepona kabisa. Kanisa zima lilitokwa machozi. Tangu hapo maumivu yakawa mwiko nyumbani kwao. Hata chuma kilipoanza kuhama na kuukwamisha mkono wa kushoto, mama alimnyamazisha.

"Unataka waseme nilidanganya madhabahuni?"

Lakini wiki iliyopita Nyanchoka alianguka katikati ya michai, midomo imebadilika rangi, na leo mama mwenyewe ndiye aliyemleta.

Bwana Masese, msimamizi wa hospitali, aliwapokea mlangoni pa ofisi yake. Hakuwakaribisha ndani.

"Mama, hii chuma si yetu. Ile kambi ilikuwa na wenyewe."

"Lakini daktari, aliwekewa hapa hapa."

Masese hakuwa daktari, na hakuwa na haraka ya kumsahihisha mtu.

"Sisi tuliwapatia vyumba tu. Daktari wetu akigusa hiyo kitu, mtoto apate shida, nani atajibu?"

"Na tukienda Nairobi?"

"Watakuuliza nani aliweka."

Esnah akatazama viatu vyake. Nyanchoka aliyasikiliza yote hayo kama habari za mtu wa kijiji kingine. Hasira alikuwa nayo zamani. Sasa alikuwa amechoka tu.

Ndipo Masese alipoinua macho kwenye picha iliyokuwa ukutani juu ya benchi, akayashusha kwa msichana.

"Kumbe ni wewe! Mungu ni mwema. Wageni wa kambi ya mwaka huu wako hapo nje."

"Ni wale walioniwekea?" Nyanchoka aliuliza.

"Hapana, hawa ni wa macho. Lakini mfadhili ni yule yule, na anapenda kuona waliopona. Simama naye vizuri, upigwe picha kama ile. Halafu mimi nitamsemea hiyo maneno ya chuma."

"Utamsemea leo?" Esnah aliuliza.

"Tuone kwanza picha imetoka aje."

Uwanjani kwaya ilikuwa ikiimba. Mfadhili, mzee mwenye kofia pana, alimpa Nyanchoka mkono, akasema jambo kwa Kiingereza, watu wakacheka. Mpiga picha akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mikono juu, msichana! Zote mbili!"

Nyanchoka akainua wa kulia. Wa kushoto ulifika begani ukakwama.

"Na ile ingine! Tabasamu kidogo!"

Esnah akamtazama Masese. Masese akatazama saa yake.

Basi mama akasogea nyuma ya bintiye, mahali ambapo kamera haikumwona, akakishika kiwiko cha kushoto kwa mikono miwili, akakisukuma juu.