Boksi la Tupa

Jumatatu asubuhi Mereana Tapsell alikuwa akisogeza kistari kimoja cha wima nafasi moja kushoto, chai ikimpolea kando ya kibodi. Kistari hicho kilikuwa ubavu wa boksi katika mchoro, na mchoro ulikuwa wa mwongozo wa programu ya kupunguza ukubwa wa video za kamera za ulinzi. Michoro ya mwongozo huo ilijengwa kwa herufi tupu: vistari vya kulala, vistari vya kusimama, alama za kujumlisha kwenye kona. Dougal, aliyeandika programu yenyewe, aliichora ovyo ovyo, na Mereana ndiye aliyeinyoosha, kwa sababu nafasi moja ikizidi, ubavu mzima hupinda.

Pale ofisini, ghorofani juu ya duka la samaki na chipsi huko Petone, kila mtu alijua kwamba boksi lisilofungwa vizuri huvuja. Mwaka uliopita Dougal aliacha kona moja wazi, na fremu za mechi ya raga ya watoto zikadondoka chini ya meza yake mpaka jioni. Fremu ni zile picha moja moja ambazo zikipangwa mfululizo huwa video, na hizi zilikuwa ngumu kidogo kama kadi, zenye unyevunyevu. Dougal alizifagia akinung'unika. Murray Gillespie, mwenye kampuni, alinunua ndoo, na mambo yakaishia hapo.

Mchoro wa Jumatatu hiyo ulihusu kazi ambayo wateja waliipenda kuliko zote. Kamera huleta fremu, programu huilinganisha na iliyotangulia. Ikiwa imebadilika, huhifadhiwa. Ikiwa haikubadilika, hutupwa, na hivyo usiku kucha wa ghala tupu hukaa mahali padogo sana. Dougal alikuwa ameliacha boksi la mwisho bila njia ya kutokea. Mereana hakupenda maboksi ya namna hiyo. Kwake, kinachoingia lazima kionekane kinaelekea wapi, kwa hiyo akaongeza mshale.

    +--------+     +------------+     +---------+
    | KAMERA |---->| LINGANISHA |---->| HIFADHI |
    +--------+     +------------+     +---------+
                         |
                         v
                      +------+
                      | TUPA |---->
                      +------+

Fremu zilianza kudondoka kabla ya chakula cha mchana, kutoka ukingo wa chini wa kioo cha kompyuta yake. Za kwanza zilikuwa maghala, mabanda ya kukamulia ng'ombe, maegesho ya magari. Mereana alisogeza ndoo kwa mguu akaendelea na kazi. Jumatano akamwona Rewi.

Rewi alikuwa binamu yake. Alikufa kiangazi kilichopita kwenye mahabusu ya mji mmoja wa kaskazini, na mahabusu hiyo ilikuwa mteja wa Murray. Mereana alilijua hilo tangu siku ya mazishi, na baada ya mazishi alirudi kazini kama kawaida, jambo ambalo hakujisamehe wala hakulizungumza. Kwenye uchunguzi wa kifo familia ilionyeshwa video. Rewi anaingia, anakaa, anajilaza sakafuni. Kisha mlango unafunguliwa na kiatu kinaingia. Katikati hapakuwa na kitu. Walinzi walisema kijana alikata roho mara tu alipolala, kwa hiyo hata wangewahi wasingemsaidia. Mama yake, Shangazi Ripeka, alikuwa na swali moja tu, na alimuuliza kila mtu, hata mhudumu wa chai pale mahakamani: wakati hawaji, mwanangu alikuwa hai?

Sasa hii hapa ile katikati, ikijaa kwenye ndoo. Rewi amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Fremu iliyofuata ilikuwa vilevile, na iliyofuata, na iliyofuata.

Mereana alipompigia simu, Shangazi Ripeka alikuja kwa treni, na mkate wa kukaanga kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, kwa kuwa hakuzoea kwenda mahali mikono mitupu. Aliwagawia wote, Murray akiwemo. Kisha akaketi kando ya ndoo, akazipanga fremu mapajani kwa jinsi zilivyodondoka.

Dougal alimhurumia. Alichuchumaa mbele yake.

"Shangazi, usijitese. Angesogeza hata kidole, picha ingehifadhiwa. Hizi zilitupwa kwa sababu hakuna kinachotokea humo."

"Sawa, baba," alisema Shangazi Ripeka. "Wewe kula mkate."

Aliangalia ukutani, nyuma ya kichwa cha mwanawe. Kwenye fremu za juu mwanga wa dirisha ulikuwa karibu na sinki. Kwenye fremu za chini ulikuwa umefika mlangoni. Ulikuwa umetambaa kidogo kidogo mno, programu haikuuona. Basi akashika rundo kwa mkono mmoja na kulipindua haraka kwa kidole gumba, kama watoto wanavyochezea pembe za daftari. Mwanga ukatembea ukutani. Na shati la Rewi likapanda, likashuka, likapanda.

"Anapumua," alisema.

Akapindua tena. Alipumua asubuhi, alipumua mchana, alipumua mwanga ulipogusa mlango. Mereana alipiga magoti akatazama, akalia, na hakujificha.

Dougal naye alitazama, na akaelewa kabla ya wote. Kipimo cha mabadiliko alikiweka yeye. Alikijaribia kwa kamera iliyofungwa kwenye dirisha la ofisi ile ile, na Petone upepo hauna likizo. Mapazia, bendera, miti ya barabarani, kila kitu kilitikisika mfululizo, na programu ikahifadhi kila kitu. Akapandisha kipimo mpaka mitikisiko midogo yote ikahesabiwa kuwa si kitu. Kule kaskazini, kwenye chumba kisicho na upepo, kilichotikisika kilikuwa kifua cha Rewi peke yake.

Mereana alimwomba aende akayaseme hayo mahakamani.

"Mimi naandika programu," Dougal alisema, akijifuta mafuta ya mkate. "Siandiki ushahidi. Muulize Murray."

Murray alisema kampuni itatoa ushirikiano wote.

Mereana na shangazi yake walilipeleka rundo wenyewe. Hakimu alilipokea kwa heshima, hakuuliza limedondokaje, akaitaka kampuni ieleze fremu hizo ni nini. Murray alipeleka ukurasa mmoja wa mwongozo, wenye ule mchoro. Hakimu aliusoma, akaufuata mstari kwa kalamu. Fremu zilizotupwa, alisema, ni zile zisizobadilika. Mtu anayepumua hubadilika. Kwa hiyo mtu aliyemo kwenye fremu hizi hakuwa akipumua. Shangazi Ripeka alimwomba alipindue rundo kwa kidole gumba. Hakimu alijibu kwamba mahakama hutazama picha moja baada ya nyingine. Aliandika kwamba walinzi hawana lawama, na kwamba mchoro ulikuwa umenyooka vizuri na kumsaidia sana.

Mwongozo ulitolewa wiki iliyofuata. Kipimo hakikuguswa, wateja walikuwa wamekizoea. Murray aliagiza mshale wa boksi la mwisho ufutwe, maana ndoo ilikuwa ikiwakera wageni, na Mereana akaufuta kwenye nakala zote isipokuwa iliyokuwa kwenye kompyuta yake. Hakuwa na ujasiri zaidi ya huo, na alijichukia kwa hilo.

Shangazi Ripeka bado huja ofisini siku ambazo treni haijajaa. Wamezoea kuruka miguu yake wakienda kuchemsha maji. Hushika rundo kutoka kwenye ndoo ambayo bado inajaa, hulipindua, na Rewi hupumua asubuhi, hupumua mchana. Mwanga ukikaribia mlango, hukaza kidole gumba, hulisimamisha hapo, kisha huanza tena upande wa sinki.