Woga wa Amuri

Siku za mbalamwezi wavuvi wa Rumonge hawaendi ziwani. Ndagala, samaki wadogo kama dagaa, hufuata taa, na taa gani itashindana na mwezi mzima? Basi mashua huvutwa mchangani, nyavu hushonwa, na wanaume hunywa chai na kubishana juu ya mpira mpaka wake zao wanawachoka. Ni likizo, na kila mtu huipenda. Mwezi ule Amuri aliipenda kuliko wote, na aliogopa iishe.

Amuri alikuwa mwenye taa kwenye mashua ya Mzee Zakaria. Mashua yenyewe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukishushwa katikati, na mwenye taa hukaa ukingoni peke yake akichungulia majini. Yeye ndiye anayewaona ndagala wakipanda, yeye ndiye anayesema "vuta". Miaka kumi na minne Amuri alisema "vuta", na ni mara chache alikosea. Siku moja, miaka sita iliyopita, alisema "turudi" bila sababu aliyoweza kuieleza. Wakarudi, na kabla hawajamaliza kufunga kamba upepo ukaja ukazamisha mashua ya watu wengine. Tangu hapo watu wa ufukweni humtazama Amuri usoni kwanza, ndipo watazame mbingu. Upuuzi mtupu, lakini nenda ukawaambie.

Kilichompata hakikuja siku moja. Kwanza chakula kilipoteza ladha. Shadia, mkewe, alimwekea mukeke wa kukaanga, samaki ambaye watu hutoka Bujumbura kuja kumla, naye akatafuna kama anayetafuna karatasi. Kisha usingizi ukamkimbia. Kisha kicheko cha binti yake, Asma, kikawa kinamfikia kama kinatoka nyumba ya jirani. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alifumbua macho akakuta hofu imeshaamka kabla yake, imemkalia kifuani, na hakujua anaogopa nini. Kuvaa shati tu ilikuwa kazi. Alijiita mvivu, akajiita asiye na shukrani, maana alikuwa na mke, mtoto, nguvu na kazi, na mwenye hivyo vyote analia nini? Kwa hiyo hakulia. Alisali, aliitikia salamu, na wenzake walipocheka naye alicheka, akichelewa kidogo.

Safari ya mwisho kabla ya mbalamwezi ndiyo iliyoipa hofu hiyo jina. Alikuwa ukingoni, taa ikimulika, maji yametulia chini yake, na wazo likamjia polepole, bila kelele: huko chini hakuna asubuhi. Ndipo alipoona mkono wake umeuachia mti aliokuwa ameushika. Si yeye aliyeuachia. Mkono ulifanya wenyewe. Akaukamata mti kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo mpaka kulipokucha, na ndagala wakapanda wakashuka bila yeye kusema neno. Wenzake walidhani amesinzia, wakamtania njia nzima.

Siku za mwezi zikaisha, kama zinavyoisha kila mara. Saa kumi na moja jioni mashua zikapangwa kwenye maji. Mzee Zakaria ana desturi aliyoirithi kwa baba yake: hasukumi mashua kabla hajaita majina. Huita mmoja mmoja, kila mtu hujibu "niko", na wakirudi asubuhi huwaita tena kabla mguu wa mtu haujagusa mchanga. Mashua nyingine humcheka, naye hajali.

"Amuri," aliita, jina la tatu.

Amuri alikuwa bado nchi kavu, taa mkononi. Miguu yake ilikataa.

"Leo sipandi," alisema.

"Iko nini?"

"Sipandi tu, mzee." Akaiweka taa mchangani akaenda nyumbani.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Wenzake walitazamana, wakamkumbuka Amuri wa miaka sita iliyopita, wakashuka mmoja baada ya mwingine. Mashua ya jirani ikaona, nayo ikarudi. Jua lilipozama mashua zote za ufuko ule zilikuwa juu ya mchanga, na ziwa limetulia kama maji ya kwenye beseni. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu maneno yalikuwa yameshafika Kabonga, yametiwa chumvi njia nzima: Amuri ameota, Amuri ameona pepo mbili zikikutana, Amuri amekatazwa kusema. Kulikuwa hata na waliochanga wapate mbuzi wa sadaka.

Yeye alikuwa chumbani, amelala na uso ukutani. Alijua kwamba neno moja lingezirudisha mashua zote majini. Lakini angelisemaje? Mvuvi mwenye kichwa kibovu nani atakaa naye mtumbwi mmoja? Na akinyamaza, wiki ijayo Zakaria atakuja kumwambia twende, naye atakwenda kwa aibu, na mikono yake ile itakwenda pamoja naye.

Mchana wa siku ya tatu alikuja Scovia, mwanamke anayeanika ndagala kwenye vichanja vya waya pale ufukweni. Vichanja vyake vilikuwa vitupu siku zote hizo. Mkononi alishika chupa ya mawese.

"Amahoro, baba Asma."

"Amahoro."

"Sina kingine cha kukupa. Mutoto wangu alikuwa apande ile siku, mara ya kwanza. Ungenyamaza, saa hii ningekuwa nalia. Murakoze cane."

Amuri alitamani amtukane. Angemtukana ingekuwa nafuu. Mwanamke hana cha kuuza, ana njaa nyumbani, amekuja kumshukuru kwa uongo ambao hata hakuusema. Aliipokea chupa, akaiweka chini. Alipoondoka, Amuri alivaa viatu. Shadia alimuuliza anakwenda wapi, kisha akajifunga kitenge akamfuata.

Ilikuwa baada ya alasiri. Wanaume wamekaa juu ya mashua zao, wakageuka wote walipomwona.

"Sema basi, ndugu yangu," alisema Mzee Zakaria. "Uliona nini mu ziwa?"

"Sikuona kitu. Ziwa haliko na kitu. Muende."

"Sasa kwa nini hukupanda?"

Alitazama mchanga, si watu.

"Niko na woga, mzee. Si wa upepo. Niko na woga wa mikono yangu. Nikikaa pale na taa, kuko kitu kinaniambia niache, niende chini. Ile siku mikono iliacha muti. Nikipanda leo, sijui kama mutarudi na mimi."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha. Mwingine alinong'ona kwamba hayo ni mashetani, akasogea pembeni, kana kwamba yanaruka. Shadia alikaa chini mchangani palepale. Mzee Zakaria naye aliogopa, ilionekana wazi usoni. Namshukuru Mungu kwamba hakujaribu kusema la maana.

"Hata saa hii iko?" aliuliza.

"Iko."

"Ni kubwa?"

"Asubuhi ndiyo inakuwa kubwa."

Mzee alikuna ndevu. "Ku hopitali kuko infirmiye anaangalia ugonjwa wa ile namna. Aliangalia shemeji yangu, akamupa dawa, akaongea naye wiki nyingi. Tunaenda kesho, mimi na wewe. Leo unabaki na mama Asma. Asitoke kando yako, hata ukienda choo."

"Sitoki," alisema Shadia.

"Na taa anashika Samy. Haya, ndagala hawatungojei."

Wanaume walipanda, bila kumtazama Amuri, isipokuwa Samy, aliyemgusa bega alipokuwa akiichukua taa. Shadia alikuja akamshika mumewe mkono, akaufunga ndani ya mikono yake miwili, akaubana mpaka ukauma. Mzee Zakaria alisimama mbele ya mashua akaanza kuita. Jina la kwanza, niko. Jina la pili, niko.

"Amuri."

Hakuna aliyecheka. Makasia yalingoja. Amuri alifikiri mzee amesahau, kisha akaona kwamba hajasahau, anamtazama yeye moja kwa moja.

"Amuri."

"Niko," alijibu, na sauti ilitoka ndogo.

"Asubuhi naita tena. Hatushuki mpaka ujibu."

Mashua ikasukumwa. Amuri alisimama na hofu yake ileile kifuani, haijapungua hata kidogo, akihesabu saa zilizobaki mpaka asubuhi. Zilikuwa nyingi. Aligeuka, wakaanza kwenda nyumbani, na Shadia hakuuachia mkono.