Mlio wa Stuli

Bendi yetu ilianza na watu wanne na stuli moja. Kati ya wale wanne amebaki mmoja tu, mdogo wangu wa kike, anayeimba. Stuli ninayo mimi nyumbani, naikalia sasa hivi.

Aliitengeneza baba. Alikuwa seremala, na fundi mzuri, ila siku ile alitoboa tundu kubwa kuliko skrubu, kwa hiyo kiti kilicheza kidogo juu ya miguu yake. Mpiga ngoma kabla hajakanyaga ngoma ya mguu hujivuta nyuma kidogo. Mimi nikijivuta stuli ililia kwiii, ndipo ngoma ikafuata. Wenzangu walinisema miaka ishirini. Itie mafuta, bwana. Nikawa najibu kesho, na kesho yangu kila mtu anaijua.

Mazoezi tulifanyia kwenye karakana ya baba, Jumamosi mchana akishafunga, katikati ya vumbi la mbao. Tulipiga roki, na kwa sauti ya juu, maana hatukujua kupiga kwa sauti nyingine. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alichomeka gitaa lake kwenye spika ya redio ya zamani iliyopasuka, na mpasuko ule ndio uliokuwa sauti yetu. Besi alipiga jamaa tuliyemwita Fundi Saa, kwa sababu alitengeneza saa. Mdogo wangu alikuwa haimbi, alikuwa anagombana na gitaa. Mama alisema tuko wanne lakini kelele ni za harusi mbili.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Fundi Saa. Siku moja aliweka saa ya mteja sikioni asisikie kitu, akaifungua aione ina nini, akakuta inatembea vizuri tu. Jumamosi ile alikuja mazoezini akaweka besi yake kwenye begi.

"Masikio yangu ndiyo yananilisha," alisema. "Nanyi mnayala."

Tukamleta mwalimu wa shule mwenye kinanda, mkono wake wa kushoto ukachukua kazi ya besi. Mkono wa kushoto wa mwalimu una adabu sana. Nyimbo zikapungua kishindo, nasi tukajiambia tumekua.

Kisha ndoa ya mdogo wangu ikavunjika, na gitaa likaondoka na talaka. Shemeji alikuja kuchukua ile spika yake, nikamsaidia kuibeba hadi kwenye gari. Alinipa mkono akasema, "Shemeji, mimi na wewe hatuna ugomvi." Kweli hatukuwa nao, na hatujaonana tena. Gitaa jingine hatukulitafuta. Mwalimu alikuwa na sauti za gitaa ndani ya kinanda, safi, zisizopasuka, na watu waliokuwa wakija kuruka wakaanza kuja kukaa. Nikaambiwa nipunguze. Nikaacha fimbo nene, nikachukua nyembamba. Nikaambiwa nipunguze tena, nikatandika taulo juu ya ngoma ndogo. Kila kitu nilikikubali, mwanzoni shingo upande, baadaye shingo ikanyooka yenyewe.

Halafu likaja la bega. Kazi yangu ni vioo vya madirisha. Tulikuwa tunapandisha kioo cha duka, mwenzangu akateleza, nikabaki nacho peke yangu kwa sekunde moja au mbili. Kioo hakikuvunjika. Daktari alisema kilichochanika ndani ya bega kinaweza kushonwa au kuachwa, na kwa vyovyote nisahau kuchezesha mkono ule saa mbili mfululizo. Mama akanikumbusha kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli. Ila hakuna aliyewahi kuliuliza koleo.

Mdogo wangu hakuniambia niondoke. Aliniambia twende studio.

"Tukurekodi, kaka, pigo moja moja," alisema. "Tuwe nayo kwenye kompyuta. Bega likipona unarudi."

Alikuwa anatazama viatu vyangu. Bendi ile niliianzisha mimi, na kubaki ndani yake ndicho kitu pekee nilichokitaka, hata kama ni kwa kusimama pembeni nikitikisa manyanga. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema, "Sawa."

Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Fundi mitambo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, mpole, anaongea kama nesi. Nilikwenda na stuli yangu. "Piga moja," akasema kwenye spika. Nikajivuta, stuli ikalia, nikapiga. "Iache ife yenyewe. Haya, nyingine." Ngoma ya mguu mara hamsini. Ngoma ndogo mara hamsini na taulo, mara hamsini bila taulo. Matoazi kwa mkono mzima. Ni katikati ya matoazi nilipoelewa kwamba hakuna anayehifadhi mapigo ya mtu atakayerudi. Nikangoja nihisi kitu. Sikuhisi. Nikaendelea kupiga kwa sababu yule mama alikuwa amesema bado kumi na tano.

"Stuli yako inalia," aliniambia tulipomaliza.

"Najua."

"Usijali. Mlio uko kabla ya pigo, nitaukata wote. Hautasikika."

"Asante," nikasema, na sikuwa na kejeli yoyote.

Wakaanza kutumbuiza na mashine yenye mapigo yangu. Hakuna aliyenialika wala aliyenikataza, nami sikwenda. Nyumbani nilisogeza meza karibu na dirisha nikaanza kukata vioo vidogo vya fremu za picha, kazi ya kukaa, juu ya stuli ileile. Kila nikijivuta kuchukua rula, kwiii. Siku ya tatu nikaipindua, nikaitia mafuta ya cherehani. Ikaendelea kulia. Nikachukua bisibisi nikakaza skrubu ya baba hadi ikagoma kwenda mbele, na hapo ikanyamaza. Miaka ishirini ya kesho, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika moja. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

"Umetoka?" akauliza.

"Nipo, nimekaa."

"Mbona kimya?"

Nikamwambia nimeitengeneza stuli. Akasema afadhali, akarudi kwenye sufuria zake.

Mdogo wangu alikuja Jumapili moja asubuhi, mwezi na nusu baadaye. Alipanda ngazi zote hadi ghorofa ya tatu bila kupiga simu kwanza, na si kawaida yake. Alimsalimia wifi yake jikoni, akakataa chai, akaja kusimama mbele ya meza yangu na kinasa sauti kidogo mkononi.

"Kaka, siingii," alisema.

"Huingii wapi?"

"Kwenye nyimbo. Nachelewa. Nyimbo ninazoziimba tangu usichana wangu. Jana mwalimu amezungusha mwanzo wa wimbo mara tatu ananisubiri, watu wakadhani ni mbwembwe. Na mashine haikosei, nimeipima. Ni mimi."

Nikamwambia labda amechoka.

"Sijachoka. Nimekaa na yule mama wa studio, tumesikiliza kanda zote za mazoezi, tangu zile za karakana. Yeye ndiye aliyegundua. Kabla sijaimba kuna pumzi, na kabla ya pumzi kuna stuli yako. Kila wimbo. Stuli inalia, mimi navuta pumzi, wewe unapiga. Miaka yote nadhani nafuata ngoma, kumbe nafuata stuli."

"Mlikuwa mnaniambia niitie mafuta."

"Mimi ndiye niliyekusema kuliko wote." Akaweka kinasa mezani, katikati ya vipande vya vioo. "Sikuombi upige, najua bega. Kaa tu, ujivute kama kawaida yako. Mara kumi zitatosha."

Nilikuwa nimeshakaa. Akabonyeza kitufe, akaniashiria kwa kidevu kama anavyofanya jukwaani. Nikajivuta nyuma. Kimya. Nikajivuta tena kwa nguvu zaidi, maana sikutaka aseme nafanya makusudi. Kimya. Akapiga magoti sakafuni, akaweka sikio ubavuni mwa stuli kama Fundi Saa na saa ya mteja wake, akaniambia nirudie. Kutoka pale juu niliona mstari wa nywele zake. Mvi zilikuwa zimeujaza, na mimi sikuwa nimeziona. Hapo ndipo iliponiuma, yote kwa mpigo mmoja, besi kwenye begi, spika, taulo, na yale matoazi kumi na tano ya mwisho. Iliniuma hadi nikashika ukingo wa meza.

"Umeifanyaje?" akauliza, bado yuko chini.

"Nimeitia mafuta."

"Lini?"

"Siku chache baada ya studio."

Akacheka puani. "Miaka ishirini, kaka. Ukaichagua wiki hiyo."

Nikasogeza vipande vya vioo kando.

"Kwa hiyo hailii tena?"

"Hailii tena."

Mafuta hayakufanya kitu, nilijua hivyo. Skrubu ilikuwa hapo chini yangu, na bisibisi ilikuwa ukingoni mwa meza, usawa wa macho yake. Alikuwa anaitazama bila kujua anatazama nini.

"Umenikasirikia?" akauliza.

"Sijui."

"Bora ungenikasirikia. Ningejua pa kuanzia."

Akangoja. Angesema rudi, hata kwa manyanga, ningemwambia habari ya skrubu kabla hajafunga mdomo. Naye nadhani alingoja mimi niombe. Kwetu watu hawaombi, tumelelewa hivyo wote wawili. Nikasikia mke wangu anafunga bomba jikoni. Mdogo wangu akainuka, akapangusa magoti, akachukua kinasa chake.

"Basi nitahesabu," alisema. "Moja mbili tatu, kama watu wengine."

"Hesabu," nikamwambia.

Akamuaga wifi yake na kutoka. Mlango wetu ni mwembamba, ya ngazini yote yanasikika ndani na ya ndani yote yanasikika ngazini. Nikasikia viatu vyake vinaanza kushuka. Nikateremka kwenye stuli, nikaipindua, nikalegeza skrubu nusu mzunguko. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka kuisikia tu. Nikaisimamisha, nikakaa, nikajivuta nyuma.

Ikalia.

Kule chini viatu vikasimama. Vilisimama muda wa kuvuta pumzi moja, si zaidi, na mguu wangu ulikuwa umeshainuka wenyewe. Nikakanyaga sakafu. Viatu vikaendelea kushuka.