Kabari ya Bi Harusi

Pikapu yao ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yao, na ndoa yenyewe ilikwisha kulea pacha wawili mpaka wakaondoka nyumbani. Watu wa mtaa waliiita Bi Harusi, kwa sababu ilikwenda taratibu, ilisindikizwa na watu, na mara kwa mara ilisimama bila sababu ya kueleweka. Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa mtu akikuuliza rangi yake, ilibidi kwanza umuulize anataka ya upande gani.

Baba Pacha alikuwa seremala. Mama Pacha alishona makochi katika karakana hiyohiyo, yeye upande wa dirishani, mumewe upande wa msumeno. Wateja wao wengi walikuwa wamejenga kule juu kilimani, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya pili ya Mama Pacha, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri. Bi Harusi akibeba mzigo hakuweza kupanda mwinuko ule akiwa na watu wawili. Basi wakifika chini ya kilima, Baba Pacha alisimamisha gari, Mama Pacha akashuka, akachomoa kabari chini ya kiti, akaanza kutembea nyuma ya gari. Gari likikata pumzi, aliisukuma kabari nyuma ya tairi lisirudi. Injini ikishapumua kidogo, safari iliendelea. Kabari yenyewe Baba Pacha aliichonga mwaka walipooana, kwa mti mgumu, akaifunga kamba ndefu ya kushikia ili mkewe asiiname sana.

Mwendo wao ulikuwa wa konokono, tena konokono asiye na shughuli. Lakini Baba Pacha alitoa kichwa dirishani, na wakapiga soga kutoka chini mpaka juu. Karakanani msumeno haukumpa mtu nafasi ya kusema. Nyumbani walifika hoi, wakala, wakalala. Ukitaka kweli, ndoa yao ilikuwa inaendeshwa kilimani. Huko ndiko walikochagua majina ya pacha, huko ndiko walikogombana juu ya mama mkwe, na huko ndiko walikopatana kabla ya kona ya mwisho.

Siku hizi, hata hivyo, Bi Harusi alizidi. Alisimama getini kwa fundi cherehani, akasimama kwenye mtaro, akasimama konani, akasimama tena baada ya kona kana kwamba amesahau kitu. Goti la Mama Pacha likaanza kuvimba. Siku moja Baba Pacha alimwona akipanda kitandani kwa kushikilia ukuta, akakata shauri: injini itafufuliwa, liwalo na liwe.

Ndiyo maana asubuhi ya Jumamosi walikuwa wamesimama mbele ya kaunta ya duka la spea, wao wawili pamoja na mdogo wake Baba Pacha, makanika aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Spana. Juu ya kaunta palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa turbo, inang'aa, imejikunja kama konokono wa chuma. Cha pili kilikuwa boksi la pistoni, ringi na silivu zake za kuvishwa ndani ya silinda, zimefungwa karatasi yenye mafuta, hazina mvuto wowote. Uwezo wao ulitosha kitu kimoja tu.

"Hii turbo ni mnyama," alisema mwenye duka. "Inaisukumia injini hewa kwa nguvu. Kilima utakisikia kwa majirani tu."

Baba Pacha alikwisha kupenda. Aliishika turbo, akaigeuza, akaipuliza, na gurudumu dogo la ndani likazunguka. Akamgeukia mkewe uso umemchangamka.

"Mama Pacha, taabu imekwisha! Gari likipanda lenyewe, wewe unabaki nyumbani, unapumzisha goti lako. Mimi napeleka mzigo, narudi. Hushuki tena, hutembei tena."

Alisema kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. Mama Pacha alijitahidi kutabasamu. Abaki nyumbani? Na huko kilimani mumewe ataongea na nani, na yeye atamsikia saa ngapi? Hakuna aliyemuuliza kama anataka kupumzika. Alikasirika, akaona aibu kukasirikia wema, kisha akakasirika zaidi.

"Kaka, punguza kasi," alisema Spana. "Turbo ni ya injini yenye afya. Nikimfungia mgonjwa, namuua. Niambie kwanza: akiwa na mzigo kilimani, anatoa moshi gani? Ukiwa mweusi, anakosa hewa, basi turbo itamsaidia. Ukiwa wa buluu, anaunguza oili, ringi zimekwisha. Hapo dawa ni hili boksi."

"Mweusi," alijibu Baba Pacha haraka.

"Umeuona wapi? Wewe uko mbele, moshi uko nyuma."

Mwenye duka akacheka. Kisha wote watatu wakamgeukia Mama Pacha.

"Shemeji," alisema Spana, "wewe ndiye unayeula moshi huo miaka yote. Rangi gani?"

Mama Pacha aliujua moshi ule vizuri kuliko alivyoujua moshi wa jikoni kwake. Na hapo, mbele ya kaunta, shetani alimnong'oneza. Sema tu mweusi. Neno moja. Mume atanunua mnyama wake, atamfunga, gari litapiga kelele siku chache, kisha Bi Harusi atarudi palepale, kusimama kila hatua, na kabari itarudi mkononi kwa mwenyewe. Au injini itapasuka kabisa, na hapo hakuna kilima, hakuna kazi, hakuna chochote. Alimtazama mumewe, aliyeikumbatia turbo kama mtoto wa watu. Amdanganye? Na huo uongo, siku ukimkaba rohoni, angeutubia wapi kama si kilimani?

"Wa buluu," alisema. "Unaanza getini kwa fundi cherehani. Tukifika konani unakuwa mzito mpaka nafumba macho."

"Umemponya," alisema Spana, akalivuta boksi.

Baba Pacha aliirudisha turbo kauntani polepole, akaigeukia mara mbili kabla ya kufika mlangoni.

Spana aliifungua injini chini ya turubai nyuma ya karakana. Silinda zilikuwa zimelika hivi kwamba pistoni za zamani ziliingia na kutoka bila hodi. Akabadilisha silivu, akapanga pistoni na ringi mpya, akaisuka injini upya. Siku ya kuiwasha, Bi Harusi alikohoa mara moja, akanyamaza, kisha akanguruma kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. Baba Pacha aliruka kama mtoto. Mama Pacha alipiga makofi, na makofi yenyewe yalikuwa ya kweli nusu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa kabati la milango mitatu. "Twende wote ukashuhudie," alisema Baba Pacha. "Baada ya leo, wewe na goti lako ni nyumbani."

Wakaondoka. Walipofika chini ya kilima, Baba Pacha alisimamisha gari. Mama Pacha akashuka, akachomoa kabari chini ya kiti, akafunga mlango, akagonga bodi mara mbili kama kawaida yake. Hakuna kati yao aliyefikiri. Mikono na miguu ilifanya kazi iliyoizoea.

Bi Harusi akapanda. Akapita getini kwa fundi cherehani, akapita mtaro, hakupunguza hata kidogo. Nyuma yake hapakuwa na moshi, si mweusi wala wa buluu. Akala kona, akapotea.

Mama Pacha alibaki katikati ya barabara na kabari yake. Kwanza alitaka kucheka. Kisha machozi yakamtoka, akasingizia vumbi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Basi ndiyo hivi, alijisemea. Akaanza kupanda peke yake, kamba mkononi, kabari ikiburuta.

Hajafika mtaroni, akasikia ule mngurumo mpya. Bi Harusi alikuwa anateremka, kabati bado limefungwa mgongoni. Baba Pacha alisimama kando yake, jasho linamtiririka.

"Nimetoa kichwa pale konani," alisema, "nikakuhadithia habari ya yule mteja aliyekataa kitanda, mwanzo mpaka mwisho, nacheka. Kumbe hupo! Mtu wa getini kwa mwenye kabati ananiuliza, fundi, unaongea na nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini mimi? Nimegeuza gari."

Akavuta breki ya mkono, akashuka kumfungulia mlango. Bi Harusi akaanza kuteleza taratibu kuelekea chini. Kabla Baba Pacha hajapiga kelele, kabari ilikwisha kuingia mbele ya tairi, na gari likatulia.

Wakatazamana.

"Breki ya mkono," alisema Baba Pacha, "tulisahau kuitengeneza."

"Na mimi nibaki nyumbani?"

Baba Pacha alikuna kichwa. "Goti litapumzika humu ndani," alisema. "Mimi siwezi kupanda hiki kilima peke yangu, Mama Pacha. Kinachosha."

Mama Pacha alipanda, akaiweka kabari mapajani. Wakageuza gari chini, wakaanza upya, safari hii bila kusimama, bega kwa bega.

"Haya, huyo wa kitanda alifanyaje?" aliuliza.

Baba Pacha akaanza. Lakini Bi Harusi hakuwa yule wa zamani. Kona ilifika upesi, ikapita, na mteja wa kabati alionekana amesimama mbele ya nyumba yake akiwapungia mkono, wakati habari ilikuwa haijafika hata katikati. Baba Pacha alilitazama geti la mteja, akamtazama mkewe anayesubiri, akalipita, habari ikiendelea.